Msingi wa Darasa la Watoto Wadogo

Barua ya mwezi kwa wazazi na walimu



Mwezi huu nataka kusema nanyi habari za watoto wetu wadogo kabisa, wale wasiofika bado Darasa la Kwanza, wa miaka mitatu, minne na mitano. Katika jumuiya zetu za hapa Gongoni, na hata nje ya mji wa Tabora, watu waulizana kama haifai kuwafungulia darasa lao. Jambo lenyewe ni jema, wala sijasikia mtu akilipinga. Lakini kila wakutanapo kulizungumza, maneno yawa yale yale: bati ngapi, madawati mangapi, sare za rangi gani, na jina gani liandikwe ukutani. Juu ya mtoto mwenyewe, na juu ya yule atakayeshinda naye asubuhi nzima, maneno ni machache sana. Kwa hiyo nimeona yafaa tuanze chini, penye msingi.

Ninyi mwajua namna tujengavyo katika nchi hii ya Unyamwezi. Mtu mwenye akili huchimba udongo wa kichuguu, akafyatua matofali yake wakati wa kiangazi, akayachoma, akachimba na msingi kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kazi ile ya kuchimba haina sifa. Apitaye njiani haoni kitu ila shimo na mtu mwenye vumbi. Lakini mvua ikija, na mchwa wakianza kupanda ukutani, ndipo ajulikanapo aliyechimba na aliyesimamisha matofali juu ya majani. Bwana wetu alipotoa mfano wa nyumba mbili, ile ya mwambani na ile ya mchangani, hakusema neno hata moja juu ya uzuri wa kuta zake.

Kwanza tupite upesi penye sheria, maana nimeona watu wakianza kazi hii pasipo kuuliza. Zamani darasa la awali lilikuwa jambo la hiari, na wengi waliliita shule ya vidudu, jina nisilolipenda hata kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ililipa mahali pake rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Toleo lake la mwaka 2023 halikuuondoa. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, kuanzia darasa hilo la awali. Twashukuru. Walakini watoto walikuja wengi kuliko walimu na vyumba. Kipimo cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na kila aliyechungulia dirishani ajua kwamba katika shule nyingi kipimo hicho hakijafikiwa hata kwa mbali. Basi darasa la parokia lina kazi ya kufanya. Lakini lisikimbie sheria: kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na darasa la awali liko chini ya Wizara ya Elimu. Atakaye kuanza aende ofisi ya kata akaulize kabla hajanunua hata chaki.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mkiniuliza msingi wa darasa la watoto wadogo ni nini, nitawajibu kwamba ni maneno. Sisemi herufi, nasema maneno. Mtoto wa miaka minne aweza kuimba herufi zote kama kasuku mbele ya wageni, wazazi wakapiga makofi, naye asijue kueleza mahali panapomuuma wala nani alimpiga. Mwingine hajui herufi moja, lakini atakusimulia jinsi mbuzi alivyokata kamba akala mboga za bibi, na bibi alivyosema, na mbuzi alivyokimbilia. Huyu wa pili yu mbali sana katika njia ya kusoma kuliko yule wa kwanza. Maana kusoma ni kuyatambua katika karatasi maneno ambayo sikio limekwisha kuyajua. Sikio likiwa tupu, jicho litatambua nini?

Hapa mkoani kwetu lilikuwako jambo ambalo wengi wamelisahau upesi. Kati ya mwaka 2014 na mwaka 2020 serikali, kwa msaada wa Uingereza, iliendesha mpango wa kuinua elimu ulioitwa EQUIP-T katika mikoa kadha, na Tabora ulikuwa mmoja wao. Ndani yake yalikuwamo mafunzo ya kuwatayarisha watoto kuanza shule, ya majuma machache tu, kwa wale wa vijijini waliokosa darasa la awali, ambao wengi wao Kiswahili si lugha ya nyumbani. Hawakungoja walimu kutoka mbali. Walichaguliwa watu wa kijiji kile kile, wakafundishwa, wakawa wasaidizi wa kufundisha. Wakapewa vitabu vya hadithi. Na masomo yakajengwa juu ya hadithi na michezo. Mpango umekwisha, lakini njia yake haikufungwa, wala haihitaji fedha nyingi kuifuata.

Nieleze kidogo namna hadithi ifanyavyo kazi, maana walimu wetu wengine huisimulia mara moja, wakaona wamemaliza. Mwalimu atwae kisa cha fisi na sungura ambacho bibi yake alimpa. Siku ya kwanza asimulie, na kabla ya mwisho anyamaze, aulize, "Sasa sungura atafanya nini?" Awaache wabishane. Wala asiharakishe kusema nani amepata na nani amekosa. Siku ya pili wasimulie wao, yeye akijisahaulisha mahali pengine ili wamsahihishe. Watoto hufurahi sana kumsahihisha mtu mzima. Siku ya tatu waicheze, mmoja fisi, mmoja sungura, wengine miti na upepo. Siku ya nne wachore mchangani kwa kijiti, kila mtu amweleze mwenziwe alichokichora. Kwa hadithi moja ya kale, pasipo kitabu, watoto wamekumbuka, wamepanga mambo kwa taratibu yake, wameuliza, wamehesabu mitego ya fisi, wamengoja zamu zao. Mkaguzi akija asione daftari, asiseme hawakufanya kitu.

Tena juu ya lugha. Hapa mjini watoto wengi huamka kwa Kiswahili, lakini wako wanaoletwa kwa shangazi au bibi kutoka Uyui na Sikonge, ambao nyumbani kwao asubuhi husema "Mwangaluka". Mtoto kama huyo akiingia darasani akakuta watu wamcheka, atanyamaza, na kimya hicho chaweza kudumu mwaka mzima. Mwalimu ajuaye Kinyamwezi au Kisukuma amwitikie kwa lugha ile ile, mbele ya wote, kisha amfundishe kusema "Shikamoo". Asipoijua lugha, na ajifunze maneno kumi: maji, njaa, choo, mama, naumwa na mengine ya jinsi hiyo. Hayo yatosha kumfungua mtoto kinywa.

Najua wako wazazi watakao Kiingereza tangu siku ya kwanza, na wengine hutoa fedha nyingi kwa ajili hiyo. Siwalaumu, maana wameona nani apata kazi. Lakini mimi naona hivi: mtoto aliyejazwa nyimbo za Kiingereza asizozielewa, mikononi mwa mwalimu asiyekielewa naye, hakupata Kiingereza, na Kiswahili amekicheleweshwa. Akiisha kuwa na lugha moja iliyojaa, ya pili itapata mahali pa kukaa.

Baada ya maneno yaja mikono. Njia ya misafara ilipita hapa hapa kwetu, kutoka Bagamoyo hata Ujiji, na wazee wetu walikuwa wapagazi mashuhuri. Wazungu walioandika safari zao katika karne ya 19 walieleza jinsi watoto wadogo wa Kinyamwezi walivyochukua vipembe vidogo begani, wakijizoeza upagazi. Baba zao walichukua ratili 60 na zaidi. Wao walipewa kipembe. Leo twawatwika wana wetu kalamu na daftari la mistari wangali na miaka mitatu, nasi twashangaa wakilia.

Vidole vya mtoto havijawa tayari kwa kalamu kwa sababu mzazi amelipa karo. Huwa tayari kwa kazi ndogondogo: kufinyanga udongo, kuchambua maharage, kutunga mbegu katika uzi, kumimina maji kutoka kikombe hata kikombe, kufunga na kufungua vifungo, kusokota ukili. Akipanga kokwa za maembe tano tano, au kete katika mashimo ya bao, amehesabu kitu kinachoshikika. Tarakimu itakuja baadaye kama jina la kitu akijuacho. Haya hayakuvumbuliwa juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani, alifungua mahali pa watoto wadogo kucheza na kujifunza mwaka 1837, na Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania. Wote wawili waliona kwa macho yao kwamba mchezo wa mtoto ni kazi yake. Na bibi zetu, wasiowasikia kabisa hao wawili, walimpa mjukuu kiungo kidogo apepete punje kidogo kando ya ungo mkubwa.

Lakini hapa ndipo penye ugomvi, tuseme wazi. Mzazi afungua daftari jioni; akilikuta tupu asema fedha yake imeliwa. Mwalimu aogopa. Basi hufanya nini? Hushika mkono wa mtoto, wakaandika pamoja. Au watoto wakiisha kwenda nyumbani huketi akawaandikia yeye mwenyewe, herufi nzuri zenye alama ya vema. Nimeona madaftari ya namna hiyo zaidi ya mara moja, nanyi mmeyaona. Baba afurahi, mwalimu apona, mtoto hakupata kitu. Uongo huu twauagiza sisi wazazi wenyewe. Siku ya kumpokea mtoto, mwalimu awaambie wazazi wote, tena mbele ya Padri ikiwezekana, kwamba mwaka wa kwanza hapatakuwa na daftari la kupeleka nyumbani. Atakaye kujua mtoto amejifunza nini amwombe mtoto amsimulie.

Sasa fedha. Jumuiya ikichanga, ikapata kidogo, kitangulie nini? Mimi nasema mwalimu, kisha maji na choo kidogo cha kadiri ya watoto, kisha uji, kisha mikeka. Madawati yaje mwisho, na sare zikikosekana haidhuru. Watu wengine hawapendi kusikia hivyo, maana dawati laonekana na jina la aliyelitoa laweza kuandikwa juu yake, bali mafunzo ya mwalimu hayaonekani. Huyo ndiye msingi; yeye ndiye asiyeonekana na apitaye njiani.

Mwenye kutaka kujua kama jambo hili lawezekana kwa watu wa kawaida atazame pwani. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa waliona watoto wao wabaki nyuma shuleni, wakamwomba Aga Khan msaada. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akaanza kuwafundisha wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao wasio na elimu kubwa, ili wafungue shule za awali zinazofungamana na madrasa. Kila mtaa ulitoa mahali na kuweka kamati yake. Vifaa vilikuwa vifuu, vifuniko vya chupa, mbegu, vitambaa na magome. Mwalimu akiisha kufundishwa hakuachwa peke yake. Mkufunzi alimtembelea darasani muda mrefu, akaketi naye, akamrekebisha. Kazi hiyo ikavuka hata Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, shule zikapita 200 katika nchi hizo tatu. Hapa Tabora twaishi na ndugu zetu Waislamu ukuta kwa ukuta, wala si aibu kujifunza kwao. Kwa upande wetu pia wako Masista wanaofundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori, kama kule Ubiri karibu na Lushoto. Ni mbali, lakini kumpeleka mtu mmoja kwaweza kufaa kuliko madawati hamsini.

Na huyo mmoja tumchague vizuri. Asichaguliwe kwa kuwa ni binti wa mwenyekiti, wala kwa kuwa ameshindwa mtihani na hana kazi. Mtazameni akiwa na watoto uwanjani baada ya Misa. Je, huinama asemapo na mtoto mdogo? Humngoja amalize neno lake? Watoto wamkimbilia, au wanyamaza akija? Mwenye kushika fimbo ili wakae kimya asipewe darasa hili kabisa. Mtoto wa miaka minne aliyekaa kimya saa tatu hakufunzwa adabu, amefunzwa hofu. Akiisha kupatikana mtu afaaye, alipwe kila mwezi. Kuna vituo ambavyo mwalimu hukaa miezi mitatu pasipo senti, akaondoka katikati ya mwaka, akaja mwingine, naye akaondoka. Mtu mzima husema, "Tutapata mwingine." Mtoto mdogo hasemi hivyo, yeye amempoteza mtu aliyemwamini, na wa pili atamwamini kwa nusu.

Tena msingi mmoja ubavu wake uko nyumbani. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1962 walianza kazi na watoto 123 wa Wamarekani weusi, wa miaka mitatu na minne, wote wa nyumba maskini. Wengine wao waliingizwa katika darasa la awali, wengine hawakuingizwa, ili ipatikane kujulikana tofauti. Waliwafuatia hata wakawa watu wa miaka 40. Wale waliopata darasa lile walimaliza shule wengi zaidi, walipata mshahara mkubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi walikuwa wachache zaidi. Watu husimulia habari hiyo wakalisifu darasa, lakini husahau nusu yake: kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama muda wa saa moja na nusu, wakafanya kazi na mtoto pamoja.

Sisi makatekista kuzunguka nyumbani ni kazi tuliyoizoea. Kwa nini mwalimu wa watoto wadogo asizunguke vilevile? Asiende kudai karo. Aende akaone mtoto alala wapi, ala nini, nani husema naye. Amwonyeshe baba (baba pia, siyo mama peke yake) kwamba kumuuliza mtoto jioni, "Leo umeona nini?" na kungoja jibu, ni kufundisha. Na akiona mtoto ni mfupi mno kwa umri wake, amwelekeze mama kwenye kliniki mapema. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, katika nchi yenye karanga, maharage na mtama. Tumbo tupu halisikii hadithi. Ndiyo sababu programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, iliyozinduliwa mwaka 2021, yataja afya, lishe, malezi yenye kuitikia, ulinzi na kujifunza pamoja, pasipo kutenga moja.

Labda mtaniuliza, na dini je? Watoto hawa wasikaririshwe katekisimu. Wafundishwe kufanya Ishara ya Msalaba polepole, kushukuru kabla ya uji, kunyamaza kidogo mbele ya mshumaa, kumwomba mwenziwe radhi. Waonyeshwe Pango la Noeli, wamshike na punda kwa mikono yao. Bwana aliwaita waje kwake wakiwa wadogo vile vile walivyo. Hakungoja wajue kusoma.

Mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo jumuiya itakayo kuanza na imtafute mwalimu wake sasa, kabla ya mvua. Liko swali moja ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha: yule mtoto ambaye nyumbani kwake hawawezi kutoa hata mchango wa uji, apokelewe kwa njia gani pasipo kuaibishwa mbele ya wenziwe? Parokia nyingine wana sanduku la siri, wengine hupokea mahindi au siku ya kazi ya mzazi badala ya fedha. Waliolijaribu na waniandikie namna lilivyokwenda, nzuri au mbaya. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitayachapa majibu yenu hapa.

Wenu katika Kristu,
Katekista wa Gongoni